Injini Inayokula Oili

"Andika," alisema Mzee Gia, mikono nyuma, akitembea huku na huko kama mwalimu mkuu. "Moja. Kutoa injini ya zamani."

Mama Cherehani akaandika. Alikuwa amesukuma pembeni sketi tisa za shule zilizokuwa zikingoja mikanda, akatandaza karatasi ya mistari juu ya meza yake ya kukatia nguo. Mwandiko wake ulikuwa wa shule ya msingi, wa kulalia upande mmoja, herufi zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Mumewe alifungua injini za mabasi kwa miaka thelathini na moja, lakini kalamu ilimshinda. Ikifika mkononi mwake inakuwa kitu kidogo mno, kitu cha kupotea.

"Unaitoaje?" aliuliza Mama Cherehani.

"Naitoaje nini?"

"Injini. Umesema kutoa. Anayesoma atataka kujua unaitoaje."

"Injini inatolewa kama injini, mama! Huyo anayesoma amezaliwa jana?"

"Huyo anayesoma ni daktari wa meno, baba. Kwake yeye kutoa ni koleo na sindano ya ganzi."

Mzee Gia alisimama, akajaribu kukasirika, akacheka. Kisha akaeleza, naye mkewe akaandika kila kitu: kumwaga maji ya rejeta, kufungua nyaya za betri na kuzifunga vitambaa vya rangi ili zisisahaulike, kuning'iniza ile injini nzito kwenye mnyororo, kuivuta juu kwa kimo cha kiuno cha mtu mzima.

Gari lenyewe lilikuwa uani, chini ya turubai. Lilikuwa gari la spoti la zamani, la milango miwili, fupi, limeinama mbele kama paka anayenyatia, rangi yake nyekundu imepauka ikawa ya tofali. Mwenyewe, Daktari wa Meno, alilinunua ujanani na hakuwahi kuwa na moyo wa kuliuza. Injini yake ya pistoni ilipasuka ubavu. Sasa alikuwa amepata nyingine, ya aina ambayo watu wengi mtaani hawajaiona: injini ya kuzunguka, isiyo na pistoni hata moja. Aliipata kirahisi kwa sababu aliyemuuzia alimwambia waziwazi kwamba inakula oili.

Jumapili alileta vyote viwili, gari na injini, kwa lori la kukokota. Akasema kwa upole, kama anavyosema na wagonjwa wake, "Fundi, mpwa wangu ana gereji ya kisasa, ananing'ang'ania nimpe yeye. Mimi nimesikia sifa zako. Niandikie mpango, karatasi moja au mbili, nione injini hii itaingiaje humu. Ijumaa saa nne nakuja. Nikiuelewa, gari linabaki hapa. Nisipouelewa, lori linalibeba saa tano."

Kazi ile ingemshika Mzee Gia miezi sita. Kampuni ya mabasi ilikuwa imempunguza, mwezi wa nne huu, na tangu hapo nyumba ilikuwa inaendeshwa na cherehani peke yake. Asubuhi ile alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuomba hela ya kinyozi. Aliporudi alileta chenji bila kuulizwa, akaiweka kwenye kona ya meza. Chenji ile ndiyo iliyomuuma Mama Cherehani kuliko kuombwa kwenyewe. Mtu aliyekuwa akirudi nyumbani na mkate chini ya kila kwapa, leo anarudisha chenji.

*

"Mbili," alisema Mzee Gia. "Kuweka injini mpya."

Mama Cherehani aliweka kalamu chini. "Hiyo siwezi kuandika kabla sijaiona vizuri. Twende."

Injini ilikaa juu ya fremu ya mbao aliyoigonga mumewe. Ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililomshangaza kwanza. Ile ya zamani ilikuwa kama kabati, na hii ilikuwa kama sufuria mbili zilizofunikizana, zimefungwa kwa bolti ndefu.

"Hii ndiyo yote?"

"Yote."

"Na nguvu zake ziko wapi?"

Mzee Gia alitazama kulia, akatazama kushoto, kana kwamba wapo watu. "Nikuambie ukweli? Hata mimi nashangaa."

Alichukua chaki ya mkewe akachora kwenye sakafu ya saruji. Akachora yai lililobanwa kidogo kiunoni. Ndani yake akachora pembetatu yenye mbavu zilizovimba. Akaeleza kwamba pembetatu hiyo haipandi na kushuka kama pistoni, bali inazunguka, na pembe zake tatu haziachi kuugusa ukuta. Humo ndani ziko mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja katika tumbo lake. Mama Cherehani alichuchumaa, akaufuata ukuta kwa kidole, raundi ya kwanza, raundi ya pili.

"Kumbe ni vyumba vitatu vinavyohama," alisema polepole. "Hiki kinavuta petroli, hiki kinabana, hiki kinatoa moshi. Halafu vinabadilishana."

Mzee Gia alimtazama. "Mimi nilikaa siku nzima kuelewa hivyo."

"Wewe hukuwa na mtu wa kukuchorea."

"Na ndiyo maana ukitaka kuipima," aliendelea, amechangamka sasa, "pistoni inakupa pumzi moja. Hii, toa plagi, zungusha kwa stata, itakupa pumzi tatu. Kila upande wa pembetatu pumzi yake. Zikilingana, ni nzima."

"Umeipima?"

"Bado. Nimeiwasha tu jana, dakika kumi, kwa mpira wa maji na chupa ya petroli. Ilikohoa kidogo, ikanguruma." Akatabasamu kama mtu aliyekumbuka wimbo.

Mama Cherehani akaleta futi kamba. Alipima injini kama anavyopima bibi harusi, urefu, upana, mabega, na alipofika chini akasema, "Simama wima," mumewe akacheka hadi akashika fremu. Kisha akakata karatasi ya kaki kwa vipimo vile, akaunganisha vipande kwa pini na kutoa kibweta cha umbo la ile injini, hata bomba la ekzosi akaliweka. Wakaenda wakakining'iniza ndani ya boneti ya gari. Kilikaa chini kabisa, nyuma kabisa, karibu na miguu ya dereva. Mzee Gia alisema hapo ndipo pazuri, uzito ukikaa katikati gari litageuka kona bila kuyumba. Lakini bomba la ekzosi la karatasi lilikuwa limejikunja juu ya fimbo ya usukani.

"Nguo inabana kwapani," alisema Mama Cherehani.

"Ningekata chuma kwanza," alisema mumewe taratibu, "ndipo nigundue."

Wakalikunja bomba la karatasi mara tatu hadi likapita na kuacha nafasi ya vidole viwili. Vidole viwili vikaandikwa namba tatu.

*

Walirudi mezani. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa chumba.

"Nne," alisema Mzee Gia. "Kuziba mirija miwili ya oili. Hiyo andika 'tayari', nimeshaziba jana kwa skrubu. Ndiyo iliyokuwa inaifanya iwe inakula oili. Kuna kijipampu kidogo ubavuni, kinavujisha oili mpaka ndani kwenye moto. Nilipoiwasha baada ya kuziba, hata moshi wa bluu sikuuona. Aliyeiuza alikuwa na dhahabu mkononi, hakujua."

Mama Cherehani aliandika namba nne. Kisha kalamu ikasimama.

"Sasa hapa niandikeje? Mrija umetoboka, au umetobolewa?"

"Si yale yale?"

"Si yale yale, baba. Gauni likitoboka, ni panya. Likitobolewa, ni mimi, natia kifungo. Daktari ni mtu aliyesoma, ataniuliza. Umetoboka wenyewe, au kuna mtu aliutoboa kwa makusudi?"

Mzee Gia akachukua tochi. Akatoka uani. Mama Cherehani alimsikia akifungua kitu, spana ikagonga saruji. Akamfuata.

Alikuwa ametoa skrubu moja na anaangalia tundu kwa tochi. "Kingo zake laini," alisema bila kugeuka. "Lina hesi, mikato ya kukazia skrubu. Limechongwa kiwandani. Umetobolewa."

"Basi aliyeutoboa alitaka oili iende wapi?"

"Kwenye ukuta. Kwenye zile pembe tatu." Alikaa chini kabisa, juu ya saruji, miguu mbele kama mtoto. "Pistoni inapata oili kutoka chini, inarushiwa. Hizi pembe nani anazirushia? Hakuna. Zinakwaruza ukuta kavu. Kwa hiyo mwenye kuitengeneza akaipa kijipampu, tone, tone, tone. Tone likishalainisha linaungua, linatoka na moshi."

"Kama mimi na cherehani," alisema mkewe. "Kila asubuhi natia tone, jioni halipo. Sijawahi kusema cherehani inakula oili."

"Miaka thelathini na moja, mama. Basi likiletwa nasikia 'inakula oili', najua injini imekwisha, nachukua spana. Sikuuliza mara mbili. Hii haili kwa sababu ya ugonjwa. Ni chakula chake." Akatazama zile skrubu mbili kiganjani. "Na mimi nimeinyima."

"Dakika kumi."

"Dakika kumi za chuma kwa chuma."

Alirudisha mirija kama ilivyokuwa, akaikagua mara tatu. Kisha akasema mpango uandikwe upya, karatasi safi, namba nne iwe: mirija ya oili ibaki wazi na pampu ikaguliwe.

Mama Cherehani alichukua karatasi safi. "Na zile dakika kumi niziandike namba ngapi?"

"Hazina namba," alisema Mzee Gia, akatoka.

Hakumfuata. Aliandika mpango wote upya, kurasa mbili, bila kufuta mahali. Tangu Jumanne ile hadi Ijumaa mumewe alikula nusu sahani, na mara mbili alimkuta amesimama mbele ya injini, kiganja juu yake, kama mtu anayepima homa.

*

Ijumaa saa nne kamili Daktari wa Meno alifika, na mpwa wake nyuma. Kijana mwenyewe alivaa ovaroli jeupe lisilo na doa, na mtaani walimwita Kompyuta. Alipoona karatasi ya mistari alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Shangazi, huu ni mpango wa injini au vipimo vya gauni? 'Mabega ya injini, futi moja na inchi saba.'"

"Ina mabega, mwanangu," alisema Mama Cherehani. "Kapime."

Daktari alisoma kurasa zote mbili amesimama. Alisoma tena. Aliomba kuonyeshwa, akainama ndani ya boneti, akakiona kibweta cha kaki kimening'inia mahali pake, na bomba lake limeikwepa fimbo ya usukani. Akakigusa kwa ncha ya kidole, kikayumba.

"Mimi huwa nachukua umbo la jino kwa nta kabla ya kutengeneza jino," alisema. "Sikujua mafundi magari nao mna nta yenu."

"Ni wazo la nyumbani," alisema Mzee Gia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mjomba, karatasi ni karatasi," alidakia Kompyuta. "Kwanza tujue kama hiyo injini ni nzima. Nimekuja na kipimo."

Mzee Gia hakupinga. Wakatoa plagi ya tumbo la mbele, kijana akabana kipimo chake kwenye tundu, stata ikazungusha. Mshale ukapanda, ukasimama pazuri. Wakahamia tumbo la nyuma. Mshale ukapanda, ukasimama pazuri vilevile.

"Namba safi," alisema Kompyuta, na ilionekana kumuuma kidogo kusema hivyo. "Injini nzima."

Daktari alitabasamu. Alitoa kalamu mfukoni, akatafuta mahali pa kutia sahihi.

Mama Cherehani alimtazama mumewe. Alijua alichokijua, kwani mumewe mwenyewe ndiye aliyemweleza: kipimo kile kina kivalvu cha kushika pumzi kubwa na kuisahau ndogo. Kwa pistoni kinatosha. Kwa hii, pembe mbili nzuri zingeweza kuificha ya tatu. Hakuna mwingine pale uani aliyeliwaza hilo. Ulimi ulimwasha, akaubana. Haikuwa zamu yake. Mzee Gia alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Daktari," alisema. "Usitie sahihi bado."

Kalamu ikasimama.

"Kijana, toa kile kivalvu kidogo cha kipimo chako. Kipimo chako kinakumbuka kikubwa tu. Humu mna pumzi tatu, kila moja tuisikie. Na kuna jambo halimo kwenye karatasi. Jumatatu niliziba mirija ya oili. Nilidhani ni ugonjwa. Nikaiwasha dakika kumi, kavu. Kama kuna pembe iliyokwaruzika, huenda ni mimi."

Kompyuta alipiga mluzi mdogo. "Mzee, umeinyonga injini ya mjomba wangu."

"Toa kivalvu," alisema Daktari.

Stata ikazungusha. Tumbo la mbele likatoa pumzi zake waziwazi: puu, puu, puu. Puu, puu, puu. Mama Cherehani alihesabu kwa midomo. Wakahamia nyuma. Puu, puu, fss. Puu, puu, fss.

"Hiyo hapo," alisema Kompyuta. "Umekwangua pembe. Mjomba, nimwite wa lori?"

"Ngoja." Mzee Gia alikuwa amepauka, lakini macho yake yalikuwa kwenye injini, si kwa watu. "Chuma kilichokwaruzwa Jumatatu kitang'aa. Kama ubovu ni wa zamani, patakuwa peusi. Nikifungua tutaona. Pakiwa panang'aa, naitengeneza kwa jasho langu na gari unalichukua. Sidai kitu."

"Kuifungua ni siku ngapi?"

"Mbili."

Daktari aliinama, akachungulia tundu la ekzosi ubavuni. "Hapa ndani ndipo pembe zinapopita?"

"Zinapita hapo hapo, moja moja."

"Tundu lina upana gani?"

"Vidole viwili na nusu," alijibu Mama Cherehani kabla mumewe hajageuka.

"Nimefanya kazi kwenye midomo midogo kuliko huo," alisema Daktari, akaenda kwenye gari alilokuja nalo. Alirudi na tochi ya kalamu, kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu, na kijiti chembamba cha mti. Akapiga goti moja juu ya saruji, akavuta suruali isichafuke, na kwa mazoea ya miaka mingi akaiambia injini, "Hebu fungua kidogo." Hata Kompyuta alicheka.

Mzee Gia aliishika injini kwa spana, akaizungusha kwa mkono, taratibu. Pembe ya kwanza ikajitokeza tunduni, na kipande chake chembamba cha chuma. Daktari akakisukuma kwa kijiti. Kikazama, kikarudi.

"Hiki kina afya. Endelea."

Cha pili kikazama, kikarudi. Cha tatu hakikutikisika. Daktari alisogeza kioo, akasogeza tochi, akakaa hapo muda ambao Mama Cherehani aliona ni mrefu kuliko wiki nzima. Alitaka kuuliza maswali sita. Hakuuliza hata moja.

"Hakuna mkwaruzo," alisema Daktari hatimaye. "Hakuna kinachong'aa. Kimeganda. Pande zote mbili kuna kitu cheusi, kigumu, kimekishika." Alichomoa kioo akakifuta. "Huo ni ukoga, fundi. Nimeukwangua maisha yangu yote, naujua. Haujengeki kwa dakika kumi. Ni wa miaka."

Mzee Gia aliachia spana. Ilibaki imening'inia.

"Ila niambie," aliendelea Daktari, bado amepiga goti. "Kipimo kilishasema nzima. Ungekaa kimya, nani angejua?"

"Nilishakaa kimya tangu Jumanne," alisema Mzee Gia. "Nimeona kunavyokuwa."

Daktari akamgeukia mpwa wake. "Mpigie wa lori. Mwambie asije."

"Mjomba, lakini..."

"Piga."

Kompyuta akasogea kando na simu yake. Mzee Gia alikuwa ameshaleta dawa ya kusafishia kabureta, akaidondoshea kwenye pembe ya tatu, wakaiacha inywe. Akadondosha tena. Daktari alijaribu kijiti, chuma kikakataa. Mzee Gia akajaribu, lakini vidole vyake vilivyozoea spana vilikuwa vinene mno kwa kijiti kile, kikateleza.

"Mpe mama," alisema Daktari. "Mimi goti limekwisha."

Mama Cherehani alipiga magoti, akashika kioo kwa mkono mmoja na kijiti kwa mwingine. Ndani palikuwa peusi, kisha tochi ya Daktari ikasogea, akakiona: ukuta uliopinda, pembe ya ile pembetatu aliyoichorewa kwa chaki, na kile kipande chembamba kimezungukwa na uchafu mweusi. Alikibonyeza kidogo kama anavyobonyeza sindano kwenye kitambaa cha hariri. Hakuna kitu. Akahamia ncha ya kulia, akabonyeza. Akahamia ya kushoto. Mara akasikia kwenye vidole, kabla ya kuona, kitu kikiachia. Kipande kikazama upana wa uzi, kikasita, kikapanda.

"Kimerudi," alisema.

"Una hakika?" Mzee Gia alikuwa ameinama juu yake, pumzi yake shingoni mwake. "Rudia."

Akabonyeza tena. Kikazama, kikarudi.